UZI: Tunaokoa chakula kisioze, ndugu watatu wa tumbo moja hapa Tanga. Nawaeleza tulivyoanza, hasara tulizopata na tulivyonusurika kugombana

#1 Binti wa Duga (mleta uzi)

Salaam wanajamvi.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu humu. Nyuzi za ufugaji na usindikaji zimenifaa sana, hasa zile ambazo mleta uzi anaeleza mpaka hasara yake, kwa hiyo leo na mimi nimekaa chini niandike. Itakuwa ndefu, nitaigawa.

Tuko watatu. Dada mkubwa ndiye wa kwanza, mimi wa kati, na wa mwisho ni mdogo wetu wa kiume, fundi wa kuchomelea. Kazi yetu ni kununua na kukusanya chakula ambacho kingeoza kabla hakijaliwa, matunda zaidi, tukakigeuza kiwe kitu cha kukaa: jemu, juisi, matunda makavu, achari. Kisichomfaa binadamu kinakwenda kwa mifugo. Kilichoharibika kabisa kinakwenda kwa funza tunaowafuga wawe chakula cha kuku, na kwenye mbolea. Ni biashara, tunauza na tunalipa kodi, ila sehemu ya faida tumeandikiana kwamba haigawanywi kwa yeyote kati yetu. Inanunua unga na sukari ya uji wa watoto katika shule ya msingi moja jirani.

Asili yake ni ndoo. Dada alikuwa na meza ya matunda soko la Mgandini, na kila jioni alirudi nyumbani na ndoo ya vilivyobaki: embe zilizolainika upande mmoja, ndizi zenye madoa, machungwa yaliyobonyea. Mama alikuwa anakaa kibarazani na kisu, anakata upande mbovu, upande mzima anautia kwenye sufuria. Kwetu hakuna kilichokuwa kinatupwa. Muhogo uliozidi ulikuwa makopa, samaki aliyezidi alikuwa ng'onda, ndimu zilizoanza kunyauka zilikuwa achari. Mimi na mdogo wangu tumekulia kwenye harufu hiyo, hatukujua kama ni elimu.

Mwaka mmoja msimu wa embe, dada alirudi na ndoo nne badala ya moja. Jirani yake sokoni alikuwa na nyingi zaidi na alizimwaga dampo pale pale. Usiku ule dada alihesabu kwa sauti alichopoteza wiki nzima. Hakulia, alihesabu tu. Kesho yake nilimwambia nitakuja sokoni na wewe tuone inavyotokea.

Nilikaa naye siku sita. Nilichokiona ni kwamba tunda linaingia sokoni saa kumi na mbili asubuhi likiwa zuri, saa nne jua limelifikia mezani, saa nane limeanza kutoa maji, saa kumi mteja analibonyeza na kulirudisha, na magharibi linaitwa takataka. Ni tunda lile lile. Tangu siku zile sisi tunapimana kwa saa: nani amelipata tunda saa ngapi na amelifanya nini.

Naendelea baadaye, nina chupa jikoni.

#2 Mtu wa Mkwakwani

Nimeweka kambi. Endelea dada, tupo.

#3 Binti wa Duga (mleta uzi)

Nimerudi.

Baada ya embe tukaenda Muheza kwenye machungwa. Mnaojua Muheza mnajua mwezi wa sita na wa saba kulivyo. Tulifika shamba la mzee mmoja njia ya kwenda Amani, saa nne asubuhi, lori limeshaondoka. Dalali amechukua makubwa yanayolingana. Chini ya miti yamebaki madogo, yenye makovu, yaliyoanguka wakati wa kuangua. Huwezi kupiga hatua bila kukanyaga. Ile harufu tamu ilikuwa imeanza uchachu na nyuki walikuwa wamejaa. Mzee akatuambia chukueni wanangu, hapa yanaozea. Hatukukubali kuchukua bure, tukakubaliana bei ya ndoo. Hilo lilitujengea jina, maana mwenye shamba akilipwa hata kidogo kwa tunda dogo, kesho yake analiangua taratibu, halitupi chini.

Somo la kwanza tulilojifunza kwa gharama yetu: matunda hayana tabia moja. Embe, ndizi, nyanya, fenesi na papai yanaendelea kuiva baada ya kuchumwa. Ukilichelewesha limeshapita. Chungwa haliivi tena likishatoka mtini. Utamu uliolikuta nao ndio litakaobaki nao, kwa hiyo likiwekwa kivulini, penye hewa, bila jeraha, linasubiri siku kadhaa. Kinachoua chungwa ni jeraha. Limechubuka kidogo tu, ule ukungu wa kijani unaingia, na ndani ya gunia lililokazwa mpaka likafura, moja linaambukiza mengine. Ndiyo maana hatutumii gunia. Tunatumia kreti za plastiki, tunapanga hadi chini ya ukingo ili kreti ya juu isikandamize matunda.

Jambo jingine, na hili nawaambia wanunuzi wa mikoani kila siku: chungwa la kwetu linaweza kuiva kabisa na ganda likabaki la kijani. Ganda hugeuka njano likipata ubaridi wa usiku, na Tanga baridi hiyo hatuna. Machungwa mengi matamu yanakataliwa kwa rangi tu. Kata, onja, ndipo useme.

Kwa nini jemu ndiyo imetubeba? Kwa sababu msimu wa machungwa unaanzia mkiani mwa masika. Mwezi wa tano hewa ya hapa imeloa, ukianika kitu mkekani asubuhi, jioni kina utelezi. Kukausha tukakuachia miezi ya kiangazi. Chungwa likaingia sufuriani.

Nawaonyesha kidogo. Dada anamenya ganda la juu jembamba analikata nyuzi nyuzi. Ile nyama nyeupe ya ndani ya ganda pamoja na kokwa, ambavyo watu wanatupa, anavifunga kwenye kipande cha kitambaa safi cha pamba na kukizamisha kwenye sufuria pamoja na maji ya chungwa. Ndani ya vile vitu vyeupe mna pektini, ndiyo inayoshikisha jemu bila kununua unga wowote wa dukani. Vinachemka polepole, anakikamua kile kitambaa kwa vijiko viwili mpaka kinatoa utelezi mzito, ndipo sukari inaingia. Kipimajoto kikifika nyuzi 105 anatoa kisahani kilichokaa kwenye barafu, anadondosha tone, anasubiri, halafu analisukuma kwa kidole. Tone likikunja ngozi kama maziwa yaliyoganda juu, imeiva. Likitiririka, bado. Kipimajoto tulikinunua mwaka wa pili, lakini dada bado haamini mpaka asukume tone.

#4 Kondakta wa Kange

Hongera sana. Lakini niulize kwa nia njema mleta uzi. Hapa kwetu shida si watu kukosa chakula? Hayo ya kupoteza chakula si mambo ya Ulaya wanaojaza friji?

#5 Binti wa Duga (mleta uzi)

Kaka, swali zuri, na hata mimi nilikuwa na fikra hizo. Ni mambo mawili tofauti na yote yapo kwetu.

Kuna kinachopotea njiani, toka shambani mpaka kabla ya kufika kwa muuzaji wa mwisho. FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, mwaka 2019 walikadiria ni kama asilimia 14 ya chakula chote duniani. Kuna kinachotupwa dukani, hotelini na majumbani. Hicho ripoti ya 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilikiweka kwenye tani bilioni 1.05 kwa mwaka 2022, na asilimia 60 yake ni majumbani. Na wameandika wazi kwamba majumbani si nchi tajiri peke yake.

Sisi wa huku kubwa letu ni njiani: barabara ya shamba isiyopitika mvua ikinyesha, hakuna chumba cha baridi, gunia la lumbesa lililojazwa kupita kiasi, jua la sokoni. Serikali yenyewe ina mkakati wa taifa wa kusimamia mazao baada ya kuvuna, wa 2019 hadi 2029, kwa hiyo si jambo la kuletewa. Na mwenye njaa na kinachooza wako mtaa mmoja. Mtoto anakwenda shule bila kunywa chai, na nyuma ya soko kuna lundo la karoti. Kati yao hakuna aliyepanga saa na usafiri. Hapo ndipo sisi tumejiweka.

#6 Mpishi wa Makorora

Dada yangu, mimi ni mpishi wa shughuli. Umenigusa. Pilau inavyobaki kwenye maharusi ya mjini hapa inaniuma. Unapika sufuria tano, moja na nusu inabaki, mwenye shughuli amechoka, wageni wameondoka, asubuhi inamwagwa. Mnachukua?

#7 Binti wa Duga (mleta uzi)

Bi mkubwa, nikujibu kwa ukweli. Tulijaribu, tukaacha, halafu tukarudi kwa masharti.

Wali uliopikwa una hatari ambayo wengi hatukuambiwa. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa uvuguvugu kwa masaa, wanaamka, wanaongezeka na kuacha sumu, na sumu hiyo hata ukiupasha moto mkali haiondoki. Pilau iliyopikwa saa nane mchana, ikaliwa saa mbili usiku, ikabaki wazi mpaka alfajiri, mimi siwezi kumpelekea mtoto wa mtu kwa jina la sadaka. Tusiwape watu wenye shida kile ambacho tusingewapa watoto wetu.

Sharti letu: tunachukua sufuria ambayo haijafunguliwa mezani, imekaa kwenye moto au makaa ikiwa ya moto kweli, na tunaambiwa kabla ya shughuli kwisha. Mdogo wangu anakuja na kirikuu, kile kigari cha mizigo, na inaliwa usiku ule ule. Iliyopoa zaidi ya masaa mawili hatuichukui.

Ila wewe ndiye una uwezo kuliko sisi. Je, mwenye shughuli huwa anakupa idadi ya kweli?

#8 Mpishi wa Makorora

Hawanipi! Wanasema mia tatu kwa kuogopa aibu, wanakuja mia mbili. Mimi mwenyewe napiga kilo moja ya mchele watu saba au wanane, na nikiona idadi ya uongo naongeza kwa hofu hiyo hiyo ya aibu. Kuanzia shughuli ijayo nitamwambia mwenye nyumba anipe kadi alizogawa nizihesabu mwenyewe. Na sufuria ya mwisho nitaiweka mchele mbichi pembeni, nisiutie moto mpaka nione watu. Mchele mkavu unarudi dukani, pilau hairudi.

#9 Binti wa Duga (mleta uzi)

Hiyo ya sufuria ya mwisho nimeichukua, bi mkubwa. Inashinda safari zetu zote za usiku.

#10 Bwana Afya Mstaafu

Nawapongeza. Niongeze tahadhari moja kwa wanaotaka kuiga. Mahindi na karanga zenye ukungu msiziokoe. Sumukuvu, sumu ya ukungu huo, haionekani kwa macho mara zote na haifi kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Msimpe binadamu, na msimpe ng'ombe wa maziwa, maana inapita kwenye maziwa.

#11 Binti wa Duga (mleta uzi)

Ahsante sana mzee wangu. Sisi nafaka hatugusi kabisa kwa sababu hiyo. Hatuna kipimo, kwa hiyo hatuna haki ya kukisia.

Sasa niseme hasara, niliahidi.

Mwaka wa kwanza tulitengeneza juisi ya machungwa bila kuichemsha. Tuliona kuchemsha kunaharibu ladha, tukategemea barafu. Tukajaza chupa za plastiki, tukapeleka kwenye maduka. Siku ya pili mwenye duka mmoja ananipigia simu: dada njoo utazame chupa zako. Nimefika, zimevimba. Matako ya chupa yametoka nje, hazisimami, zimelala kwenye rafu. Nikafungua moja, ikatoa sauti na povu likanimwagikia mpaka kiwiko, harufu ya tembo la mnazi kabisa. Umeme ulikatika usiku na hamira ya asili iliyomo kwenye tunda ikafanya kazi yake. Nilizunguka duka kwa duka na bodaboda nikizikusanya zote, na pesa nikarudisha. Wiki ile hatukula faida wala mtaji.

Siku hizi inachemshwa hadi nyuzi 85 na zaidi kwa muda mfupi, inajazwa ikiwa moto kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa, inafungwa na kulazwa ili moto ufike kizibo. Plastiki nyembamba haihimili moto huo, inajikunja. Chupa za kioo ni ghali, kwa hiyo tunawalipa watoto na akina mama wanaozirudisha.

Hasara ya pili ni hoteli moja, sitaitaja. Ilichukua jemu kwa mkopo miezi miwili, kila tukifuata tunaambiwa mhasibu hayupo. Hatujalipwa mpaka leo. Kwa wanaoanza: mteja mkubwa anayechukua kwa mkopo anaweza kukuua upesi kuliko kukosa mteja. Tulirudi kwa wauza maandazi na chapati, wananunua kopo moja moja na kulipa hapo hapo, na ndio waliotufikisha tulipo.

Hasara ya tatu ni matunda makavu. Mdogo wangu alitengeneza kikaushio cha jua, fremu ya chuma, nailoni juu, wavu ndani, bomba la kutolea hewa. Kizuri sana. Embe zikatoka ngumu nje, tukafurahi, tukafungasha. Baada ya siku kumi zina ukungu kutoka ndani. Tulikuwa tunazidisha joto, ganda la nje linakauka na kufunga mlango, maji yanabaki katikati. Akaongeza matundu ya hewa chini, tukashusha joto liwe kati ya nyuzi 50 na 60, na vipande tukavikata vyembamba, milimita tano sita hivi. Kipimo chetu sasa ni kukunja kipande mpaka kichanike. Ukiona pale kilipochanika panang'aa maji, kirudi ndani.

#12 Mama Wawili Raskazone

Naomba uguse suala la ndugu. Mimi na kaka yangu tulifungua duka la vipuri, leo hatusalimiani. Ninyi mmewezaje?

#13 Binti wa Duga (mleta uzi)

Pole sana dada. Na sisi tulifika pale pale, tulibaki hatua moja.

Mwanzo hatukuandika kitu. Tulisema sisi ni damu moja, tuandikiane nini? Pesa zote zilikuwa zinaingia kwenye laini yangu ya simu. Dada alikuwa anaamka saa tisa usiku kwenda kupokea mzigo, mimi nakaa na simu. Mdogo wetu alitumia chuma chake na mikono yake kujenga kikaushio na meza zote, hakulipwa hata senti, na sisi tukaona kawaida kwa sababu ni mdogo. Shangazi yetu alipofiwa, dada akachukua pesa ya sukari akapeleka rambirambi. Akiwa na haki moyoni, ni shangazi yetu sote. Lakini sukari ikakosekana, kreti kumi na mbili za machungwa zikaoza uani kwetu. Sisi, tunaojiita waokoaji wa chakula, tulimwaga machungwa uani kwetu wenyewe.

Maneno yaliyosemwa siku ile siyaandiki. Mdogo wetu alibeba mashine yake ya kuchomelea akaondoka. Wiki tatu hakukanyaga nyumbani. Mama akawa hali chakula.

Aliyetutoa ni mjomba. Alikuja Ijumaa baada ya sala, akatandika mkeka, akatuita wote watatu, akamwomba mama asikae nasi. Akatoa daftari jipya na kalamu tatu. Akasema kila mmoja aandike alichotoa tangu siku ya kwanza: pesa, kazi, usingizi. Tuliandika kimya karibu saa nzima. Halafu akatubadilishia, kila mmoja akasoma cha mwenzake kwa sauti. Mimi nilisoma cha mdogo wangu. Ilikuwa orodha ya vyuma: bomba, bati, nondo, vijiti vya kuchomelea, na kila kimoja alikumbuka alikinunua wapi na kwa pesa ya kazi gani aliyoiacha. Sikufika mwisho wa ukurasa.

Yaliyoamuliwa siku ile ndiyo tunayoishi nayo. Kila anayefanya kazi analipwa ujira wa kazi, kidogo lakini kila wiki, ndugu au si ndugu. Kikaushio kikathaminiwa na kuandikwa kuwa deni la biashara kwa mdogo wetu, na limelipwa lote. Pesa inaingia kwenye akaunti ambayo wawili lazima waweke sahihi. Rambirambi, harusi na hospitali vina bahasha yao, ikiisha imeisha, kila mtu anatoa mfukoni mwake. Hakuna kopo linalotoka bila kuandikwa, hata la mama. Na tukikosana, tunakwenda kwa mjomba kabla hatujaenda kwa mama.

Mama mwenyewe alichukia hilo la kopo mwanzoni. Sasa hivi akitaka jemu anaita "njooni na daftari lenu".

#14 Mtu wa Mkwakwani

Hiyo ya kusomeana kwa sauti, mama yangu. Nimeihifadhi.

#15 Kijana wa Soni

Dada, huku Lushoto kabichi na mapea yanatuozea msimu ukifika. Na mlijisajili kama nini, kampuni au NGO? Mimi nataka nianze na dada zangu wawili.

#16 Binti wa Duga (mleta uzi)

Mdogo wangu, kwa sheria za kwetu hakuna usajili unaoitwa biashara ya kijamii. Unachagua. NGO inasajiliwa kwa msajili wake na haigawi faida kwa wenyewe. Kampuni au jina la biashara ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kikundi cha vijana au wanawake kinaanzia halmashauri, na huko ndiko iliko ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Sisi tulichagua kampuni kwa kuwa tunauza kila siku, na lile la uji tukaliandika kwenye makubaliano yetu ya ndani na mjomba akawa shahidi.

Usalama wa chakula ni TBS, shirika la viwango. Kabla ya kwenda huko pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanafundisha usindikaji, na wanamtambulisha mjasiriamali mdogo TBS. Kila anayegusa chakula apime afya kila miezi sita, usilikwepe.

Kabichi sina uzoefu nayo, nisikudanganye. Mapea jaribu kukausha huko huko kwenu juu. Usiyateremshe Mombo yakiwa yameshalainika, ile barabara ya kona itakuletea uji.

#17 Mfugaji Pongwe

Hao funza mnaowalisha mabaki ni wale wa BSF (black soldier fly)? Wananuka? Majirani zangu wataniua.

#18 Binti wa Duga (mleta uzi)

Ndio hao. Yule nzi mweusi, mwembamba, haumi na haingii jikoni kwa watu. Mayai yanaanguliwa siku kama nne, wiki mbili funza yuko tayari kwa kuku, na akikaushwa protini yake ni kama asilimia 40. Joto la Tanga linawafaa bila umeme. Harufu inatoka ukiwapa mabichi yenye maji mengi na kuwazidishia. Changanya pumba au machujo makavu, wape wanachomaliza kwa siku. Maganda ya machungwa usiwape mengi, mafuta ya ganda yanawasumbua. Tunayakausha, watu wananunua kuchoma jioni kufukuza mbu.

Faida nyingine hatukuitarajia. Wale nzi waharibifu wa matunda wanazaliana kwenye embe na machungwa yaliyoanguka. Buu anatoka kwenye tunda, anaingia udongoni, anarudi nzi. Tukiokota yaliyoanguka kila siku na kuyafungia, mwenye shamba anapunguziwa nzi wa msimu unaofuata. Yule mzee wa njia ya Amani sasa yeye ndiye anatupigia simu tukichelewa.

#19 Mjukuu wa Amani

Nimesoma wote mpaka hapa. Bibi yangu ana mifenesi kumi na zaidi, Muheza huko juu. Yanaanguka usiku, asubuhi yamepasuka, ngedere wanamaliza. Mnachukua mafenesi? Ameshakata tamaa anataka kuikata miti auze mbao.

#20 Binti wa Duga (mleta uzi)

Mwambie bibi asikate. Fenesi tunachukua. Nyama tunakausha, kokwa tunachemsha na kumenya, zinaliwa kama viazi, maganda na uzi wake wanakula mbuzi.

Lisisubiriwe lianguke. Apige kwa ncha ya kidole, likitoa sauti nzito, badala ya ile kali, na harufu imeanza kusikika kwa karibu, literemshwe kwa kamba. Liachwe na kikonyo chake, lilazwe kivulini juu ya majani, lisioshwe. Kisu chake akipake mafuta ya nazi kabla, ule utomvu hautashika.

Nitumie ujumbe wa faragha leo na jina la kijiji. Kesho tuna safari ya machungwa upande huo, mdogo wangu anaweza kuwa kwa bibi na kirikuu saa moja asubuhi, kabla ya jua. Anakuja na mizani na daftari, bibi alipwe hapo hapo.